Harusi ya Kihindu ya siku tatu Morisi: upande wa bibi harusi ujipange vipi?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Moshi, mjane. Binti yake, Mchaga na Mlutheri, anatarajia kuolewa mwaka 2027 na kijana Mhindu wa Kigujarati, raia wa Uingereza anayeishi Leicester, ambaye babu na bibi yake walifukuzwa Uganda mwaka 1972 pamoja na Waasia wengine. Ndugu wa kijana wametawanyika Leicester, Rajkot huko India, na Nairobi, na familia yao imependekeza harusi ya siku tatu katika hoteli ya ufukweni nchini Morisi. Mama anauliza: siku hizo tatu ni za nini, na upande wake una wajibu gani? Je, Desemba inafaa, kwa kuwa ndipo Wachaga wote wako likizo? Nani atamkabidhi binti, kwa kuwa baba yake amekwisha kufariki? Kamati ya harusi iliyoanza kukusanya michango ifanye nini, nani alipe nini, na je, ndoa hiyo itatambuliwa kisheria?

Mama mpendwa, hongera kwa kumfikisha binti yako hatua hii, na pole kwa mzigo wa kuibeba peke yako. Katika barua yako lililonigusa zaidi ni pale ulipoandika kwamba unaogopa kufika Morisi ukawa mgeni katika harusi ya mwanao. Hofu hiyo ina msingi. Harusi ya Kihindu ya siku kadhaa ina ibada nyingi, zinazoendeshwa kwa lugha usiyoijua, mbele ya watu waliozizoea tangu utotoni, na upande usiozijua hujikuta umekaa kwenye viti ukipiga picha. Dawa yake ni kupanga mambo kwa mfuatano unaofaa: kwanza ibada na saa zake, kisha watu na nafasi zao ndani ya ibada hizo, na hoteli mwishoni kabisa. Familia nyingi huanza na hoteli, zikalipa arbuni, ndipo zinapogundua kwamba tarehe haikubaliki kwa maharaji, yaani kuhani anayefungisha ndoa, au kwamba ukumbi hauruhusu moto.

Nianze na tarehe, kwa sababu hapo kamati yako na kalenda ya Kihindu vinagongana moja kwa moja. Tangu katikati ya Desemba hadi Makara Sankranti, ambayo huangukia tarehe 14 Januari au karibu nayo, Wagujarati huwa katika kipindi wanachokiita Kamurta, na familia zinazofuata desturi hazifungi ndoa ndani yake. Kwa hiyo wiki ya Krismasi, ambayo kwenu ndiyo wiki ya kurudi nyumbani, kwao imefungwa. Kipindi kingine kirefu kinachoepukwa ni Chaturmasi, takriban miezi minne kuanzia Julai hadi Novemba, ambamo Mungu Vishnu huaminiwa kuwa amelala. Tena kila baada ya miaka miwili na miezi kadhaa kalenda yao huongezewa mwezi mzima ili ilingane na jua, na mwezi huo wa ziada nao hauna harusi. Mwaka 2026 umeangukia kati ya katikati ya Mei na katikati ya Juni, lakini mwaka 2027 hautakuwapo. Hata ukiwa nje ya vipindi hivyo, si kila siku inafaa, na ni maharaji atakayechagua siku zenye muhurati, yaani saa njema ya kuanza ibada, kwa kufuata kalenda ya sayari inayoitwa panchangi.

Kisha kuna hali ya hewa. Msimu wa vimbunga Morisi huanza Novemba na huisha katikati ya Mei, na hatari huwa kubwa zaidi kuanzia Januari hadi Machi. Kimbunga Belal kilipopita karibu na kisiwa hicho tarehe 15 Januari 2024, mafuriko yalisomba magari katikati ya mji wa Port Louis. Serikali ya huko ina ngazi nne za tahadhari, na zinapopanda juu watu hutakiwa kubaki ndani, uwanja wa ndege hufungwa, na hakuna sherehe inayoweza kuendelea. Ukiunganisha kalenda na hali ya hewa, dirisha linalobaki wazi kwenu ni kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Juni 2027. Ni majira ya baridi ya kisiwa, baridi ya shali jioni, si ya koti. Shule za India nyingi huwa likizo Mei, za Uingereza hupumzika wiki moja mwishoni mwa mwezi huo, na za Tanzania hufunga Juni. Kamati yako italalamika kwamba Juni si Desemba, lakini hapa sioni njia ya katikati.

Majira hayo huvuma pepo za kusi mashariki, na ufuko wa mashariki, maeneo kama Belle Mare, huzipokea kifua wazi. Upepo huo unapendeza mchana, lakini mbele ya moto wa ibada na mapambo ya vitambaa ni adui. Napendekeza mtafute hoteli upande wa magharibi au kaskazini magharibi, kuanzia Flic en Flac hadi Trou aux Biches, ambako kisiwa chenyewe huukinga upepo na jua huzama baharini. Mkumbuke tu kwamba mwezi Juni jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo anayetaka picha za machweo asipange maandamano ya bwana harusi saa kumi na moja na nusu.

Kuhusu nchi yenyewe, nadhani familia ya kijana imechagua vizuri. Mwaka 1834 Waingereza walianza kuwaleta Morisi vibarua wa mkataba kutoka India kulima miwa, na mahali waliposhukia, Aapravasi Ghat mjini Port Louis, pameorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 2006. Leo karibu nusu ya wananchi wa Morisi ni Wahindu. Maana yake kwako ni kwamba maua ya makoja, samli ya ibada, mapishi ya mboga na makuhani hupatikana hapo hapo kisiwani, tofauti na nchi ambazo hata majani ya mwembe husafirishwa kwa ndege. Tena Mtanzania, Mkenya, Mhindi na Mwingereza wote huingia bila kuomba viza kabla ya safari kwa matembezi mafupi, na kwa harusi ambayo wageni wake wana pasi za nchi nne, jambo hilo pekee linaokoa miezi ya mahangaiko.

Sasa siku tatu zenyewe. Siku ya kwanza ni ya kupokea wageni, sala fupi ya Ganesha, mwondoa vikwazo, na hina. Ya pili huanza na pithi asubuhi, hufuata zawadi za mjomba mchana, na usiku ni ngoma, yaani sangiti na garba. Ya tatu ni ya ndoa. Kanuni ninayoisimamia ni kwamba kila siku iwe na shughuli moja tu nzito, na mchana mmoja mzima uachwe wazi ili wazee walale na vijana waogelee. Wageni waliochoka siku ya pili hawafiki kwenye moto siku ya tatu wakiwa na moyo wa kusikiliza.

Hina ya bibi harusi wa Kigujarati si ile ya kuchora maua mawili mkononi. Huanzia vidoleni hadi karibu na viwiko, na nyayoni hadi juu ya vifundo, na mchoraji hodari huchukua saa nne hadi sita. Baada ya hapo binti hatashika kitu, hatakula kwa mkono wake, wala hatakwenda haja bila msaidizi. Kwa hiyo mteue shangazi mmoja au rafiki wa karibu awe mikono yake mpaka usiku. Hina ikibanduliwa huwa na rangi ya chungwa, na wekundu wake hukolea baada ya siku moja hadi mbili, ndiyo maana imewekwa siku ya kwanza na si usiku wa kuamkia ndoa. Nawaomba mkatae kabisa hina nyeusi ya haraka, kwa sababu huchanganywa na dawa ya nywele inayoweza kuunguza ngozi na kuacha makovu.

Pithi ndiyo ibada ambayo wewe na dada zako mtaiona kuwa ya kwenu mara moja, hasa wale waliokulia pwani wanaojua singo. Ni manjano ya kusaga yaliyochanganywa na unga wa dengu, liwa na maji ya waridi mpaka yakawa mazito kama uji wa mtoto. Binti huketi kwenye kigoda kifupi, na wanawake wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, humpaka kuanzia miguuni, magotini, mikononi, hatimaye mashavuni, wakiimba na kumtania. Ifanyike nje kwenye nyasi, saa tatu au saa nne asubuhi, kila mtu avae nguo ya njano asiyoionea huruma, na mje na taulo zenu kuukuu, kwa kuwa manjano hayatoki kwenye shuka nyeupe wala kwenye sakafu ya marumaru, na hoteli itawatoza. Hapa pia ningemwomba bibi ya kijana ridhaa ya kualika kikundi cha wanawake wa Morisi wanaoimba Geet-Gawai, nyimbo za Kibhojpuri za kabla ya ndoa ambazo UNESCO iliziweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016. Si desturi ya Kigujarati, ndiyo maana nasema mwombeni ridhaa, lakini ni nyimbo za wanawake wakiwa na ngoma yao ya mikono miwili, na mwanamke wa Kichaga ataingia humo bila kufundishwa.

Usiku wa sangiti, kila upande hutarajiwa kuleta kitu jukwaani, na upande usioleta kitu huonekana kama haukufurahi. Tayarisheni ngoma yenu mapema, watu wanane au kumi wenye sare moja ya kitenge, na iwe ya kwenu kweli. Msijaribu kucheza nyimbo za sinema za India, kwa sababu mtashindana na mabinamu waliofanya mazoezi miezi mitatu. Baadaye garba huchezwa kwa duara, na kwa dandia kila mtu huwa na vijiti viwili. Hatua zake hujifunzika kwa jioni moja, na ningependa wajomba na shangazi zako wajifunze hapo Moshi kabla ya safari.

Nakuja kwenye swali lako zito, la nani atamkabidhi binti. Katika ibada za Kigujarati mama wa bibi harusi ana kazi ambayo hakuna mwingine anayepaswa kumpokonya: ndiye anayempokea bwana harusi mlangoni. Wanaiita ponkhanu. Kijana hufika na baraati, msafara wa ndugu zake wakicheza, na husimama kwenye kizingiti cha mandapu, kibanda cha nguzo nne ambamo ndoa hufungwa. Wewe husimama mbele yake na sinia lenye taa ya samli, na humzungushia mmoja mmoja vifaa vidogo vya mti vilivyo mfano wa vyombo vya nyumbani na shambani: nira, mchi, kipekecho cha kusukia maziwa, na kijiti cha kusokotea uzi. Kisha hujaribu kumkamata pua, naye hukwepa, na watu wote hucheka, kwa sababu ni namna ya kumkumbusha kwamba amekuja kuomba. Mwisho, kabla ya kuingia, kijana huvunja kwa mguu vikombe viwili vya udongo vilivyofungwa pamoja. Jifunze hatua hizi kwa mama wa kijana kwa simu ya video, umwombe akutumie vifaa hivyo uvizoee mikononi.

Nisikufiche kwamba baadhi ya familia bado zina desturi ya kumweka mjane pembeni katika ibada za heri, zikamwita shangazi aliye na mume achukue nafasi yake. Desturi hiyo inaumiza, na sioni kwa nini mwanamke aliyemlea binti peke yake akae safu ya pili siku hiyo. Makuhani wengi wa siku hizi hawana tatizo na mama mjane kufanya ponkhanu wala kanyadani, ibada ya kuuweka mkono wa binti katika mkono wa mumewe. Wanaotatizika mara nyingi ni wazee wa ukoo. Ndiyo maana jambo hili lizungumzwe miezi mingi kabla, wewe na mama wa kijana peke yenu kwanza, halafu maharaji, bila kusubiri lizuke mbele ya wageni mia. Sema wazi unachotaka. Ukipenda, kanyadani muifanye wawili, wewe na kaka yako au baba mdogo wa binti, mkono wako ukiwa chini ya mkono wa binti na maji yakimiminwa juu yake. Ni mpangilio unaokubalika kwa wengi na haukuondoi. Naomba pia picha ya marehemu mumeo iwekwe mahali pa heshima siku ya sala ya Ganesha, na binti aiinamie kabla ya kwenda mandapu.

Kaka zako nao wana nafasi kubwa. Kwa Wagujarati mjomba ndiye anayeleta mameru, zawadi za siku ya pili, na miongoni mwake huwa panetari, sari nyeupe yenye pindo jekundu ambayo bibi harusi huivaa kuingia mandapu, pamoja na bangili. Mjomba huyo huyo humsindikiza hadi kwenye kiti chake. Baadaye, wakati wa ibada, familia ya mume humfunika gharchola, vazi jekundu la miraba ya nyuzi za dhahabu, na kuanzia hapo amevaa nguo za pande mbili kwa wakati mmoja. Mjomba asiyejua wajibu huu atafika mikono mitupu na ataaibika, nawe unajua mjomba wa Kitanzania asivyopenda kuaibika katika ndoa ya mpwa wake. Mwambieni mapema, na panetari inunuliwe Rajkot au kwenye maduka ya sari ya Uhindini, Dar es Salaam, mama wa kijana akisaidia kuchagua. Kaka wa bibi harusi naye husimama karibu na moto akimtilia dada yake nafaka mikononi kila wanapozunguka. Wagujarati huzunguka mara nne, kwa ajili ya wajibu, riziki, mapenzi na ukombozi wa roho, ndipo hufuata saptapadi, hatua saba ambazo kila moja ina kiapo chake.

Ibada hiyo yote huchukua saa moja na nusu hadi tatu, na anayeifupisha au kuirefusha ni maharaji. Mtafuteni anayejua taratibu za Kigujarati na awezaye kueleza kila hatua kwa Kiingereza na ikiwezekana kwa Kiswahili. Makuhani wa namna hiyo wapo Nairobi na Dar es Salaam, na nauli yake ni fedha iliyotumika vizuri. Makuhani wa Morisi ni wazuri, lakini wengi hufuata desturi za kaskazini mwa India, ambako mizunguko, mavazi na nyimbo ni vingine. Huyo maharaji apewe jambo moja kwa maandishi: muhurati upigwe kwa Morisi, si kwa Rajkot. Saa ya muhurati hutegemea macheo ya mahali husika, na Morisi iko nyuma ya India kwa saa moja na nusu na mbele ya Tanzania kwa saa moja. Kwenye kadi ya upande wako andikeni saa kwa Kiswahili na kwa tarakimu za hoteli pia, kwa sababu mjomba aliyesoma kwamba ndoa ni saa nne atafika asubuhi, na mwenzake aliyeambiwa kwa Kiingereza kwamba ni saa kumi atafika kwenye chai ya jioni.

Moto wenyewe lazima uwemo kwenye mkataba wa hoteli kabla ya arbuni. Ni moto mdogo, kuni chache na samli ndani ya chombo cha shaba, lakini hutoa moshi wa kutosha kuamsha ving'ora vya ukumbi na kunyeshea mapambo yote. Hoteli iandike kwamba inauruhusu, wapi, kwa muda gani, nani atazima ving'ora vya eneo hilo na nani atasimama na kizima moto. Chini ya chombo kuwe na sinia la mchanga, vitambaa vya mandapu vifungwe mbali na ndimi za moto, na kuwe na ukumbi wa akiba wenye ruhusa hiyo hiyo endapo mvua itanyesha, maana hoteli nyingi hutoa ukumbi wa ndani bila kufikiri kwamba moto nao utahamia humo. Katika mkataba huo huo, someni kifungu cha vyumba: mkihakikisha vyumba hamsini na wakaja watu wa vyumba thelathini na tano, vilivyobaki wazi mara nyingi hulipiwa. Someni pia saa ya kuzima muziki wa nje, ada ya kuleta mpishi wenu, na kinachotokea kimbunga kikifunga uwanja wa ndege.

Chakula ni eneo ambalo upande wako utahitaji uvumilivu. Nyama ya ng'ombe isionekane kabisa kwa siku zote tatu, wala kwenye supu. Siku ya ndoa chakula chote kiwe cha mboga na pombe isitolewe mpaka ibada zimalizike. Siku ya kwanza na ya pili, ikiwa familia ya kijana inakubali, kuku na samaki vinaweza kuwapo kwenye meza ya mbali yenye vyombo vyake. Waulizeni kama kuna wazee wasiokula vitunguu na vitunguu saumu, na kama kuna Wajaini, ambao hawali chochote kinachong'olewa ardhini, viazi vikiwamo. Lakini msiende mikono mitupu: makande yasiyo na nyama, mchicha wa nazi, maharage ya nazi na ndizi za kupikwa kwa nazi ni vyakula ambavyo kila Mgujarati atavila kwa raha, na wazee waliokulia Uganda watavitambua. Kwa chakula cha siku ya ndoa, napenda mno mtindo wa Wahindu wa Morisi wa michuzi saba ya mboga na puri inayopakuliwa juu ya jani la mgomba. Mchaga akiandaliwa chakula juu ya jani la mgomba hawezi kujiona yuko ugenini.

Kuhusu mavazi sina mengi. Nyekundu aachiwe bibi harusi, nyeupe tupu na nyeusi tupu ziepukwe kwenye mandapu, viatu huvuliwa, na vitenge vyenu vinapendeza kuliko sari iliyofungwa vibaya.

Sasa kamati na fedha. Desturi yetu ya michango ina sheria isiyoandikwa: aliyechanga ana kadi. Harusi ya Morisi haiwezi kuitimiza sheria hiyo, na mkijaribu mtagombana na nusu ya Moshi. Kwa hiyo nakushauri michango yote, bila kubakiza, iende kwenye sendoff itakayofanyika nyumbani, na kamati itangaze hivyo leo, kabla fedha hazijawa nyingi. Ndafu ibaki huko, mtori ubaki huko, mbege ibaki huko, na mahari pia imalizwe huko baina ya wazee, kwa utulivu. Eleza familia ya kijana kwamba kwetu mahari hutoka kwa mume, kwa sababu wao wanatoka katika utamaduni ambamo mali ilikuwa ikitoka upande wa mke, jambo ambalo India imelipiga marufuku tangu mwaka 1961, na neno lolote linalofanana na hilo huwatia wasiwasi. Waalike wazazi wa kijana na bibi yake kwenye sendoff. Watu wa kizazi kile waliotoka Uganda wengi bado wanasikia Kiswahili, na utashangaa jinsi bibi huyo atakavyokuwa mkalimani wako Morisi.

Kwa Morisi, peleka watu wasiozidi thelathini, na kila mmoja uweze kusema ana kazi gani: mjomba wa panetari, kaka wa nafaka, shangazi wa hina, wachezaji wa sangiti, na kadhalika. Utaratibu ulioenea katika harusi za namna hii ni mgeni kujilipia nauli na wenyeji kulipa vyumba na chakula. Zamani upande wa bibi harusi ndio uliobeba karamu. Siku hizi familia nyingi za Leicester na Nairobi hugawana, ama nusu kwa nusu, ama kwa vichwa vya wageni wa kila upande. Kwa kuwa wao ni wengi na nyinyi ni wachache, mgawanyo wa vichwa ndio wa haki, na usione haya kuusema. Uandikwe kwenye karatasi moja inayoonyesha nani analipa vyumba, chakula, mapambo, muziki, maharaji na magari ya uwanja wa ndege.

Kama wazee wenu watauliza kwa nini pande mbili zisifanye kila moja ibada yake, waambieni hilo si jambo geni. Waigizaji Deepika Padukone na Ranveer Singh walipofunga ndoa kando ya Ziwa Como, Italia, mwezi Novemba 2018, walifanya ibada ya Kikonkani ya upande wa mke tarehe 14 na ya upande wa mume, wa Kisindhi, tarehe 15, mbele ya wageni wachache. Nanyi mchungaji wenu akikubali kuwaombea Moshi, kila ukoo utakuwa umepata siku yake.

Hilo linanileta kwenye sheria, na hapa nakuomba usiache mwanya. Ndugu fulani atawaambia kwamba hatua saba zinatosha. Ni kweli kwamba Sheria ya Ndoa ya Kihindu ya India ya mwaka 1955 inasema ndoa yenye saptapadi hukamilika hatua ya saba inapochukuliwa, lakini sheria hiyo ni ya watu ambao wote wawili ni Wahindu kwa maana yake pana, inayowajumuisha Wabudha, Wajaini na Makalasinga. Binti yako Mlutheri hayumo. Morisi nayo huwafungisha wageni ndoa ya kiserikali, ila hudai kwanza hati ya Port Louis inayothibitisha kwamba wawili hao si raia wala wakazi wa nchi hiyo. Njia ninayoiamini ni ndoa ya kiserikali Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Taarifa ya nia ya kuoana hutolewa siku 21 kabla, na kijana aje na hati ya Uingereza ya kutokuwa na pingamizi, ambayo huombwa mapema kwao. Ifungeni wiki ya sendoff, mwezi mmoja hivi kabla ya Morisi. Cheti hicho ndicho binti atakachokitumia kuomba viza ya mwenzi Uingereza, kwa hiyo majina yake yafanane herufi kwa herufi na ya pasi na cheti cha kuzaliwa, na kama kuna tofauti, irekebishwe mwaka huu. Wakati huo huo, kila mtu wa msafara wako akague pasi yake na awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa wengi wenu mtapitia Nairobi.